Imesakinishwa, Ila Kariakoo Imehamia Hispania

Somo la kutengeneza ramani kwa Python, liwe la video au la maandishi, mara nyingi huanza na mstari uleule: pip install geopandas. Halafu mwalimu anaendelea na ramani zake za rangi kana kwamba sehemu ngumu imekwisha. Zikitokea herufi nyekundu kwenye teminali, ushauri nao ni uleule: futa kila kitu, tengeneza mazingira mapya, jaribu conda. Herufi nyekundu zikipotea, basi, tunasema mgongano umetatuliwa.

Mimi naona kipimo hicho ni kibovu. Vifurushi vya ramani vinaweza kugombana mpaka kompyuta ikagoma, na hapo angalau umejua. Lakini vinaweza pia kugombana kimyakimya: vyote vikasakinishwa, kodi ikakimbia hadi mwisho, ramani ikatoka safi, na nyumba ya mtu ikawa imesogea mita mia tatu. Zana tunazozisifia kwa kutatua migongano zinapaswa kuhukumiwa kwa hili la pili, na hapo karibu zote zinapata alama ndogo.

Tuanze chini, maana ndiko ugomvi uliko. GeoPandas, Rasterio, Fiona, pyproj na Shapely ni kama makarani wa mapokezi. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika chumba cha nyuma, na huko wakubwa ni watatu. Yupo GDAL, aliyeanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998, anayejua kusoma na kuandika aina nyingi ajabu za mafaili ya ramani. Yupo GEOS, anayepima kama umbo hili linagusana na lile. Na yupo PROJ, mzee wa wote, aliyeanza mikononi mwa Gerald Evenden huko USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, miaka ya 1980. Kazi ya PROJ ni kuhamisha nukta kutoka mfumo mmoja wa ramani kwenda mwingine. Hawa wameandikwa kwa C na C++, siyo Python. QGIS unayoifungua kwa kubofya inawategemea haohao, na PostGIS vilevile.

Sasa pip inaongea na makarani tu. Tangu toleo la 20.3, Novemba 2020, inasoma masharti ya kila kifurushi kabla ya kusakinisha: hiki kinataka NumPy iliyo chini ya 2, kile kinataka 1.22 au zaidi, basi itafutwe namba inayowaridhisha wote. (Hesabu yenyewe si ya kitoto. Ni mojawapo ya yale matatizo ambayo hakuna ajuaye njia ya kuyatatua haraka kila mara, ndiyo maana kuna siku pip inazunguka ikipakua matoleo ya zamani moja baada ya jingine huku bando lako linateketea.) Lakini masharti hayo yanahusu vifurushi vya Python. pip haiangalii kama kifurushi kinahitaji PROJ fulani, wala kama ni ileile anayoitumia jirani yake.

Kifurushi kinachoitwa GDAL kwenye PyPI kinakuja kama msimbo mtupu, na kinataka kikute GDAL yenyewe tayari ipo kwenye kompyuta, tena ya toleo linalolingana. Isipokuwepo, kinagoma. Wanafunzi wengi hukata tamaa hapo. Mimi naiona hiyo ni tabia njema, kwa sababu kinakataa waziwazi na mapema.

Watengenezaji wa Rasterio, Fiona na pyproj walichagua njia ya upole zaidi. Kila kifurushi kinabeba nakala yake ya chumba cha nyuma, imefungwa ndani kama chakula cha safari. Usakinishaji ukawa rahisi kweli, na sitaki kuwanyima sifa yao. Ila tazama matokeo: ukisakinisha Rasterio, pyogrio na pyproj kwa pip, ndani ya programu yako moja una PROJ tatu, kila moja na faili lake la proj.db, na si lazima ziwe za toleo moja. GeoPandas 1.0, iliyotoka Juni 2024, iliacha kudai Fiona na kushika pyogrio. Kusoma mafaili kukawa na kasi zaidi na mzigo ukapungua. Hata hivyo pyogrio ina PROJ yake na pyproj ina yake, na pip itakuambia kila kitu kiko sawa. Kwa upande wa makarani, kweli kiko sawa.

Kwa nini toleo la PROJ liwe jambo kubwa hivyo? Kwa sababu ya mwaka 2019. Machi ilitoka PROJ 6, Mei ikafuata GDAL 3, na mambo mawili yakabadilika ambayo mpaka leo yanauma.

La kwanza ni mpangilio wa namba. Mfumo tunaoujua kwa jina la EPSG:4326, kwa maelezo yake rasmi, unataja latitudo kwanza. GDAL ya zamani ilikuwa inatanguliza longitudo, GDAL 3 ikaamua kufuata sheria. Dar es Salaam iko kwenye latitudo -6.8 na longitudo 39.28 hivi. Kodi ya zamani ikikutana na maktaba mpya, namba mbili zinabadilishana viti, na Kariakoo inaangukia Extremadura, magharibi mwa Hispania. Nairobi nayo inazama baharini, upande wa kusini mashariki wa nchi hiyohiyo. Kosa hili linachekesha, na kwa kuwa linachekesha linaonekana. Unafungua ramani, unaiona Ulaya, unarudi kurekebisha.

La pili halichekeshi. Ramani nyingi za zamani za 1:50,000 za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, unaotumia umbo la dunia la Clarke 1880. GPS ya simu yako inatumia WGS 84. Sehemu ileile ya ardhi ikisomwa kwa mifumo hii miwili, namba zinapishana kwa takriban mita 300. Kwa hiyo kunahitajika marekebisho, na PROJ anayajua: yapo ya Kenya, yapo ya Tanzania, yapo ya wastani kwa nchi zote mbili.

Zamani marekebisho hayo yalisafiri ndani ya mstari mfupi wa maandishi, ule unaoanza na +proj=utm, chini ya neno towgs84. PROJ 6 iliyahamishia kwenye hifadhidata yake, proj.db, na ikaacha kuyabandika kwenye mstari. Uamuzi ulikuwa sahihi, maana mstari ule ulikuwa mfupi mno kubeba ukweli wote. Lakini sasa chukua kifurushi cha zamani kinachohifadhi mfumo wa ramani kama mstari ule, ukiweke juu ya PROJ mpya. Kinauliza 21037, yaani Arc 1960 kanda ya 37 kusini, kinapewa mstari usio na towgs84. Baadaye kinamrudishia PROJ mstari huohuo na kusema, nipeleke WGS 84. PROJ anaona umbo la dunia lakini haoni jina la mfumo, hajui atumie marekebisho gani, basi anafanya makadirio ya juujuu yasiyosogeza chochote. Hasemi neno. pyproj ina onyo kwamba kugeuza mfumo kuwa mstari huenda kukapoteza habari muhimu, ila maonyo ya Python watu huyazima yasichafue daftari la Jupyter.

Mita 300 ni nyingi au chache? Kwenye ramani ya Afrika hazionekani. Kwenye bonde la Msimbazi zinatosha kumtoa mtu wa Jangwani kwenye eneo la mafuriko na kumwingiza mwingine ambaye maji hayajawahi kumfikia. Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 na kuwapeleka mitaani wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuchora nyumba na mifereji kwa ajili ya mafuriko, uliweka data zake OpenStreetMap, ambayo inatumia WGS 84. Siku unapotaka kuzipandisha data hizo juu ya ramani ya zamani ya Arc 1960, kazi yote inamwangukia PROJ. Ni yupi kati ya wale watatu? Ukifuata somo la mstari mmoja, huna jibu.

Conda inatoka vizuri zaidi katika mtihani huu. Yenyewe inahesabu GDAL, PROJ na GEOS kama vifurushi kamili, kwa hiyo inaweza kuhakikisha wote wanashiriki chumba kimoja cha nyuma. Lawama ya zamani kwamba ni kobe imepungua tangu toleo la 23.10, mwaka 2023, lilipoingiza libmamba kama kitatuzi chake cha kawaida. Ninachoilaumu ni mengine. Mazingira yenye QGIS ndani hupita gigabaiti moja kirahisi, na si kila mwanafunzi ana Wi-Fi ya chuo. Halafu kuna masharti ya kampuni ya Anaconda, ambayo tangu 2020 yanataka malipo kwa mashirika yenye watu zaidi ya 200 yanayotumia chaneli yake. Chaneli ya conda-forge haina sharti hilo, na kwa ramani ndiyo inayofaa, lakini masomo mengi yanazichanganya hizi mbili bila kusema. Na kubwa kuliko yote, ukishamaliza na conda ukaongeza pip install rasterio juu yake, umeingiza tena chumba kingine cha nyuma, na conda haitakuzuia.

Wa Windows walikuwa na njia yao. Kwa miaka mingi Christoph Gohlke, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, alikuwa akikompaili vifurushi hivi na kuviweka kwenye ukurasa wa maabara yake. Dunia nzima ikavipakua. Mwaka 2022 ufadhili wa maabara ukaisha na ukurasa ukasimama. Baadaye aliendelea kutoa vifurushi vya ramani kupitia GitHub, ila masomo ya zamani yanayowaelekeza watu kwenye ukurasa ule bado yapo yanapoteza watu. Mtu mmoja kubeba mzigo wa namna hiyo, sisi wengine tukiuona ni jambo la kawaida kabisa!

QGIS ndiyo ninayoipenda zaidi na ndiyo nitakayoisema vibaya zaidi. Kwenye Windows inakuja na Python yake, na plagini zote zinaishi ndani ya Python hiyo moja. Faili la metadata la plagini lina mahali pa kutaja plagini nyingine inazozitegemea. Vifurushi vya Python havina mahali. Matokeo yake kila mwandishi wa plagini anajitegemea: mmoja anaandika kwenye maelezo kwamba fungua OSGeo4W Shell uendeshe pip, mwingine anaiita pip kimyakimya plagini inapowashwa, wa tatu anabeba kila kitu ndani ya folda yake. NumPy 2.0 ilipotoka Juni 2024, vifurushi vilivyokompailiwa kwa NumPy 1 vikawa haviwezi kukimbia juu yake. Plagini moja ikipandisha NumPy kwa faida yake, inaangusha nyingine ambayo haijaigusa kabisa. Mtumiaji anaona tu kwamba QGIS "imeharibika".

Hapo kuna kosa moja ambalo napenda kulitetea. Kisakinishi cha PostGIS kwenye Windows kimejulikana kwa kuweka PROJ_LIB kwa kompyuta nzima, hivyo pyproj au QGIS inajikuta inafungua proj.db ya jirani. Siku hizi PROJ anasoma namba ya muundo ndani ya faili hilo na kusema wazi kwamba inatofautiana na anayoitegemea, na kwamba faili linatoka kwenye usakinishaji mwingine wa PROJ. Watu wanauchukia ujumbe huo. Majibu mengi mtandaoni yanakufundisha kuunyamazisha. Kwangu ni ujumbe bora kabisa katika programu hizi zote, maana unataja ugonjwa kwa jina lake. Dawa ni kuifuta PROJ_LIB, au PROJ_DATA kama toleo ni 9.1 kwenda mbele, ili kila PROJ asome faili lake.

Kwa anayeanza kazi leo, ningemshauri kwanza aache kuuliza kama imesakinishwa. Endesha geopandas.show_versions() na pyproj.show_versions(), uone PROJ ni ya ngapi na inasoma faili la folda gani. Kisha chukua nukta moja unayoijua kwa mifumo yote miwili, mfano alama ya upimaji ardhi ya eneo lako, uihamishe kutoka 21037 kwenda 4326 kila unapobadilisha chochote kwenye mazingira yako. TransformerGroup ya pyproj itakuorodheshea njia zote anazozijua PROJ kati ya mifumo hiyo, na kadirio la usahihi kwa mita pale linapojulikana. Na unapotengeneza Transformer, andika allow_ballpark=False, ili PROJ akikosa marekebisho agome badala ya kukadiria. Usipoiandika, makadirio yanaruhusiwa.