Ufaafu wa Modeli kwa Data za Mpangilio: Tahakiki ya Upimaji wa Mtazamo katika Kisiwa cha Mafia

Sehemu hii inahakiki namna ufaafu wa modeli unavyothibitishwa pale mtazamo wa wakazi kuhusu Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, unapopimwa kwa kauli zenye majibu ya ngazi tano. Modeli ya Samejima (1969) iliundwa kwa data za aina hiyo. Tatizo ni kuithibitisha kwa kai-mraba ya ruwaza zote za majibu. Kauli kumi tu huzaa ruwaza 9,765,625, ilhali sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 46,438 katika wilaya nzima. Hata wote wangehojiwa, takribani ruwaza zote zingebaki tupu, na thamani ya p isingeaminika.

Takwimu ya M2 ya Maydeu-Olivares na Joe inafaa zaidi, kwa kuwa hutegemea majumlisho ya kauli moja moja na ya jozi za kauli. Hata hivyo, hutoa hukumu moja kwa modeli nzima. Sharti kila kauli ichunguzwe kwa kulinganisha majibu yaliyotarajiwa na yaliyopatikana katika kila ngazi, hususani "sina hakika", ambayo mvuvi mwenye hofu anaweza kuichagua badala ya kupinga. Pasipo uchunguzi huo, hofu itahesabiwa kuwa msimamo wa kati, na vizuizi vya uvuvi vitahalalishwa kwa kipimo kisichofaa.