Kilatini Kilichopitia Njia ya Kiwelisi

Mwaka 1996 Andrew Smith wa New Zealand alianza kuunda lugha aliyoiita Brithenig. Hakukusudia iunganishe mataifa kama Kiesperanto, wala haikutungwa kwa ajili ya filamu. Ilizaliwa na swali: Warumi walitawala Britania tangu mwaka 43 hadi karibu 410. Je, kama Kilatini chao kingekizima Kikelti cha wenyeji, kama ilivyotokea Ufaransa na Hispania, wazawa wa kisiwa kile wangekuwa wanasemaje leo?

Smith alichukua Kilatini na kukipitisha katika mabadiliko ya sauti yanayofanana na yale yaliyokipata Kiwelisi, lugha ya Kikelti iliyosalia magharibi mwa kisiwa hicho. Njia ilikuwa wazi, kwa sababu Kiwelisi kilikopa maneno mengi kutoka kwa Warumi. Medicus, yaani tabibu, limekuwa meddyg: d ikageuka dh (Wawelisi huiandika dd), c ikawa g, na mwisho wa neno ukadondoka. Cattus, paka, limekuwa cath, na th hiyo ni ile ya thamani.

Jina la lugha yenyewe linaonyesha kanuni zikifanya kazi. Anza na Brittannica. T mbili zinakuwa th. A inavutwa na i inayofuata, inakuwa e. C iliyo kati ya irabu inalainika kuwa g, kisha irabu ya mwisho inaanguka: Brithenig. Lakini utaratibu una uzito kuliko orodha ya kanuni. Kiwelisi hugeuza t moja iliyo kati ya irabu kuwa d. Ukizipunguza zile t mbili kuwa moja kabla ya kanuni hiyo kupita, utapata Bridenig. Ukiiangusha irabu ya mwisho mapema mno, c haitakuwa tena kati ya irabu, na g haitapatikana. Muundaji asiyepanga kanuni zake kwa zamu ataishia na maneno yanayosikika kama Kiwelisi lakini hayana historia.

Uzuri mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye sarufi. Kiwelisi hubadilisha konsonanti ya mwanzo wa neno, na Brithenig inakifuata. Ei gath ni paka wake, mwenyewe akiwa mwanamume. Ei chath ni paka wake, mwenyewe akiwa mwanamke. Ei ni lile lile, na g na ch ndizo zinazomtaja mwenye paka. Zamani neno la umilikaji wa mwanamume liliishia kwa irabu, la mwanamke kwa s. Miisho ilipopotea, athari yake ilibaki kwenye neno jirani, na badiliko la sauti likawa sarufi. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuliona jambo hili: mti mrefu lakini nyumba ndefu, watu wawili lakini nyumba mbili. N ya ngeli imeigeuza r kuwa d na kuibana w hadi ikawa b.

Kilatini nacho kilikuwa na mbegu hizo. Illa, "yule" wa kike, huishia kwa irabu. Illum, wa kiume, kwa konsonanti. Basi c ya casa, nyumba, ikifuata illa imekaa kati ya irabu mbili, na kanuni ile ile iliyolainisha meddyg inaigeuza g. Ndiyo maana migeuko ya Brithenig haionekani kama pambo lililobandikwa.

Jambo moja halijaniridhisha. Gallia, yaani Ufaransa ya kale, pia ilikuwa na Wakelti, Kilatini kikawashinda, na Kifaransa kilichotokea hakina migeuko ya mwanzo wa neno kama ya Kiwelisi. Wapo wanaisimu wanaoona alama za Kikelti katika sauti kadhaa za Kifaransa, lakini ni chache na zinabishaniwa. Smith ameipa Britania yake Kikelti kilichoshindwa kwa msamiati huku kikishinda karibu kila mahali kwa sauti. Kati ya mihimili yote ya kazi yake, huo ndio ninaoona historia haiuungi mkono.