Wino wa Mysuru

Wageni wa mji wa Mysuru, India, humiminika kwenye kasri la wafalme wa Wadiyar, lililokamilika mwaka 1912 baada ya lile la mbao kuungua 1897. Hawakosei, maana linapendeza hasa. Mimi pongezi zangu nazipeleka kwenye kiwanda cha rangi alichokianzisha Maharaja Krishnaraja Wadiyar wa Nne mwaka 1937. Tangu uchaguzi wa 1962, ndicho kinachotengeneza wino wa kupaka vidole vya wapiga kura wa India, ili mtu asipige kura mara mbili. Una nitrati ya fedha: ukigusa ngozi na kupata mwanga, huwa mweusi, na sabuni haiutoi, usubiri ukucha ukue. Ajabu tamu, kwamba amali ya mfalme inalinda kura. Nchi nyingine nazo huununua.