Taa za Simba: Uhakiki wa Kitabu cha Sayansi

Mwalimu msomaji, aghalabu tunapohakiki fasihi darasani hatuvuki mipaka ya riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi. Vitabu vinavyoeleza sayansi na mazingira tunawaachia wenzetu wa Biolojia na Fizikia. Makala haya yanadai kuwa vitabu hivyo navyo vinastahili uhakiki wetu. Mfano unatoka Kitengela, Kaunti ya Kajiado.

Mwaka 2022 kilichapishwa Marekani kitabu cha watoto, Lion Lights: My Invention That Made Peace with Lions, cha Richard Turere na Shelly Pollock. Turere alilelewa kando ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, akichunga ng'ombe wa babake. Kisa chake, alichokisimulia pia jukwaani Marekani mwaka 2013, kina msuko thabiti. Kwanza aliwasha moto. Ukawasaidia simba kuona zizini. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba wakarudi, siku ya pili wakatambua kuwa haisogei, wakaua. Usiku mmoja alizunguka zizi na tochi, na simba hawakuja. Akang'amua kuwa wanaogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha betri kuukuu ya gari iliyochajiwa kwa sola, indiketa ya pikipiki, swichi na balbu za tochi mbovu. Taa zikamweka kwa zamu kana kwamba mtu anatembea. Alikuwa na miaka 11.

Tazama fani: taharuki inajengwa na majaribio yaliyoshindwa, na kila kosa linazaa swali jipya. Maudhui nayo ni mazito. Juni 2012, simba 6 waliuawa na wakazi Kitengela baada ya kushambulia mifugo.

Hata hivyo, anwani ya kitabu inadai amani, na hapa mhakiki asisinzie. Kisa chenyewe kimetufunza kuwa simba hujifunza: sanamu waliizoea kwa siku moja tu. Je, taa nazo hawatazizoea? Swali hilo halimvunjii Turere heshima. Ndilo lililomfikisha kwenye taa. Riwaya tunaiuliza kama inashawishi. Kitabu cha sayansi tunakiuliza pia kama madai yake yanapimika.

Limebaki suala la lugha. Kisa hiki cha Kitengela kimeandikwa kwa Kiingereza. Tusisingizie uhaba wa istilahi, kwani TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990. Isitoshe, betri, swichi, balbu na indiketa ni maneno ya kila gereji ya Kitengela. Kinachohitajika ni waandishi, na waandishi hao tunao madarasani.

Basi, mwalimu, wape wanafunzi wako insha: kila mmoja aeleze jinsi kifaa kimoja cha nyumbani kwao kinavyofanya kazi. Kisha wahakikiane. Je, hatua zinafuatana? Je, madai yanapimika? Wakiyajibu hayo kwa Kiswahili, watakuwa wamehakiki na kubuni kwa pamoja.