Kazi ya Miguu na Masikio

Siku hizi vituo vya simu zisizo na waya maofisini hupangwa mezani. Mtu anafungua ramani ya jengo, anatia nukta kila baada ya mita kadhaa, anaandika hati ya malipo. Mwezi haupiti, mhasibu anatoka chumbani akiongea na mteja, anafika ngazini, sauti inakatika. Wote wanailaumu simu.

Nilibahatika kumwona mzee mmoja, jijini Dar es Salaam, akiifanya kazi hii inavyostahili. Alikiinua kituo kimoja cha majaribio kwa mlingoti hadi karibu na dari, akakiwasha, akaanza kutembea. Simu ilikuwa sikioni, na upande wa pili mwenzake akimhesabia bila kukoma: moja, mbili, tatu. Alikwenda taratibu huku akigeuka kila upande, maana hata mwili wa mtu huzuia mawimbi. Mlango wa chuma uliokuwa umeachwa wazi aliufunga kwanza. Alipita kati ya makabati ya mafaili, akaingia chooni, akashuka ngazi za dharura, akasimama nyuma ya lifti, mahali ambapo zege na chuma havina huruma. Hesabu ilipoanza kukwaruza alirudi nyuma kidogo, akatia alama nyekundu kwenye ramani. "Hapa kinachoka," akaniambia. "Cha pili lazima kisikike vizuri kabla hujafika hapa, la sivyo anayetembea ataangukia katikati."

Hayo ni mawimbi tu. Watu nao wana hesabu yao. Kwa mfumo wa DECT, uliozoeleka maofisini, kituo kimoja kwa kawaida hakibebi zaidi ya mazungumzo 12 kwa wakati mmoja, na vingi hubeba pungufu ya hapo. Chumba cha huduma kwa wateja kinaweza kuenea mawimbi kila pembe, na bado mtu wa 13 akakosa nafasi. Kanuni ya kupima hilo tuliachiwa mwaka 1917 na Agner Krarup Erlang, Mdenmaki wa kampuni ya simu ya Copenhagen: ukitaka asikwame zaidi ya mpigaji mmoja katika 100, nafasi 12 zitatosha wastani wa mazungumzo yasiyofika 6. Nampenda Erlang kwa jambo jingine pia. Bingwa huyo wa hesabu alikuwa akionekana mitaani na kibarua aliyembebea ngazi, ashuke mwenyewe kwenye mashimo ya nyaya kupima.

Mafundi wa namna hiyo wanastaafu, na nafasi zao zinachukuliwa na programu isiyojua kwamba makabati yamehamishwa.

Wewe mwenye jengo, kabla ya kutia saini, muulize fundi wako kama amepita ngazi za dharura milango ikiwa imefungwa, na kama amehesabu wanaopiga simu saa nne asubuhi. Akibabaika, usimlipe.