Kabla ya Picha

Jumba la makumbusho la Guggenheim mjini Bilbao, Uhispania, lililofunguliwa mwaka 1997, hutajwa mara nyingi madarasani kama ushahidi kwamba kompyuta ndiyo iliyoukomboa usanifu majengo. Dai hili linahitaji kuhakikiwa. Ni kweli kwamba kuta zake zilizopinda, zilizofunikwa kwa mabamba membamba ya titani, zilikokotolewa kwa CATIA, programu iliyobuniwa Ufaransa kwa ajili ya kuunda ndege. Lakini Frank Gehry hakuanza na programu. Alianza na michoro ya mkono na vielelezo vya karatasi na mbao. Wasaidizi wake ndio waliovipima na kuviingiza kwenye kompyuta. Mashine ilifuata mkono.

Siku hizi mwanafunzi huanza pale Gehry alipomalizia. Hufungua programu, huchukua dirisha lililokwisha kuchorwa na mtu mwingine, huongeza kioo, nyasi na watu wanaotembea (nao mara nyingi wamevaa makoti ya baridi, hata kama jengo ni la Bujumbura!). Picha hupendeza. Muulize maji ya mvua yatapita wapi, au fundi ataanzia wapi, atanyamaza. Wala simlaumu peke yake: walimu wanaosahihisha, pamoja na sisi wenzake tunaopiga makofi, huipa alama picha badala ya jengo.

Hapa kwetu Rwanda tunayo hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa usanifu wa MASS Design Group. Njia za kupitia wagonjwa ziliwekwa nje, na wodi zikapangwa ili hewa ipande na kutoka, kusudi maambukizi ya kifua kikuu yapungue. Kwa hesabu za namna hiyo kompyuta inafaa sana, kwani mwendo wa hewa haukadiriki kwa jicho. Kuta, hata hivyo, ni za mawe ya volkano yaliyochongwa na mafundi wa huko, na kadiri kazi ilivyoendelea ndivyo mawe yalivyozidi kushikana, nafasi kati yake zikawa nyembamba. Ustadi huo haukuwamo katika mchoro wowote; ulikua kwenye nyundo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka programu zipigwe marufuku mwaka wa kwanza. Ninachodai ni kwamba kila mwanafunzi, siku ya kutetea kazi yake, alete pamoja na picha zake mchoro mmoja wa mahali ukuta unapokutana na paa, mchoro ambao fundi ameusoma na kuukosoa kwa kalamu yake.