Ustadi wa Kuhakikisha Mfumo Unakataa

Mwezi unapoisha, zahanati na vituo vya afya vya wilaya za Ngara na Biharamulo hujumlisha vitabu vyao vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria waliotibiwa. Takwimu hizo huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa wavuti ulioandikwa kwa Java na unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameushughulikia kwa miaka mingi hapa Tanzania. Watu huusifia chati na ramani zake. Sifa zangu nawapa mafundi wanaopima kama mfumo wa aina hii unajua kukataa.

Katika DHIS2 kila mtumiaji hupewa majukumu, yaani mambo anayoruhusiwa kufanya, na hupangiwa eneo, yaani vituo anavyovihudumia. Aliyepangiwa Ngara hapaswi kuandika takwimu za zahanati ya Biharamulo. Kwenye skrini yake zahanati hiyo haipo hata kidogo, na mpimaji mvivu angeishia hapo. Fundi huiweka skrini kando. Hutuma ombi moja kwa moja kwenye seva kwa jina la mtumiaji wa Ngara, akibadilisha kitu kimoja tu: kitambulisho cha kituo. Seva ikilipokea ombi hilo, basi ulinzi wote ulikuwa pazia mlangoni. Udhaifu huu si wa nadra: mwaka 2021 OWASP, taasisi ya kimataifa ya usalama wa programu, iliuweka wa kwanza katika orodha yake ya hatari kumi.

Kwa Java, jaribio kama hilo huandikwa kwa JUnit, zana iliyoanzishwa mwaka 1997 na Kent Beck na Erich Gamma. Maktaba ya Spring Security, ambayo DHIS2 huitumia, humwezesha fundi kuunda mtumiaji wa kubuni na kumpa jukumu, kisha fundi hutuma ombi na kukagua jibu. Asiyejitambulisha ajibiwe 401: sikujui. Aliyeingia lakini hana ruhusa ajibiwe 403: nakujua, ila hapa hapakuhusu. Fundi huyapima majibu haya mawili kila moja peke yake, kwa sababu mfumo unaweza kulipatia moja na kulikosea jingine.

Kisha huja nywila. Bcrypt, njia ya kuficha nywila iliyobuniwa na Niels Provos na David Mazières mwaka 1999, iliundwa makusudi iwe ya polepole ili anayebahatisha nywila achoke, na kila nywila huchanganywa na herufi za nasibu kabla ya kuhifadhiwa. Kwa hiyo fundi huwasajili watumiaji wawili wenye nywila ileile, kisha huthibitisha kwamba kilichohifadhiwa hakifanani. Hukosea nywila kwa makusudi, mara nyingi mfululizo, aone kama akaunti inafungwa. Hutoka kwenye mfumo, halafu hurudi na kuki ya zamani, aone kama bado inapokelewa. Humhamisha mhudumu wa kubuni kutoka Biharamulo kwenda Ngara, kisha huangalia kama ruhusa za kule zimefutika.

Linalonivutia zaidi ni hatua ya mwisho. Fundi makini haliamini jaribio ambalo halijawahi kufeli. Huondoa ulinzi kwa muda, huliendesha jaribio, na huhakikisha limepiga kelele. Ndipo huurudisha ulinzi, na jaribio hubaki likirudiwa kila msimbo unapobadilika.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa Biharamulo, na mlipuko huo ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Katika majuma kama hayo jina la mgonjwa likivuja, familia nzima hunyooshewa kidole. Takwimu za mwezi hazina majina, lakini mifumo inayomfuatilia mgonjwa mmoja mmoja inayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Basi halmashauri, hospitali au shule inayoletewa mfumo mpya isiridhike kuonyeshwa jinsi mtu anavyoingia. Idai kuonyeshwa majaribio ya wale wasiopaswa kuingia, na yaendeshwe palepale mbele yake. Kama hayapo, mfumo huo usipokelewe.